Skrini inazimika baada ya kusasisha draiva

Swali: Tangu nisasishe draiva ya kadi ya michoro, skrini ya kompyuta yangu ya mezani huwa nyeusi ghafla, ingawa muziki unaendelea kulia. Nifanyeje?

Jibu: Muziki ukiendelea, kompyuta yenyewe haijaganda; mshukiwa wa kwanza ni draiva. Kwenye Windows, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Windows, Ctrl, Shift na B: draiva itajiwasha upya na huenda picha ikarudi. Kisha fungua Device Manager, chagua kadi yako chini ya Display adapters, ingia Properties, halafu Driver, ubonyeze Roll Back Driver. Kitufe hicho kikiwa kimefifia, ondoa draiva hiyo na uweke toleo la awali kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kadi. Tatizo likiendelea, kagua kebo na pawasaplai.