Dondoo Muhimu: Ukitupa Ndoana Sio Port

Busia mjini hakuna ziwa, Malaba vilevile. Anayetaka kuvua akiwa nchi kavu hushuka Sio Port au Port Victoria, kwenye ufuo wa Ziwa Victoria. Wengi huenda kutafuta ngege. Mshipi ukivutwa kwa nguvu usiyoitarajia, jiandae: huenda ni samaki mwingine.

Kamongo ndiye wa kuheshimiwa zaidi. Ana mapafu na hupumua hewa, kwa hiyo dakika nyingi baada ya kumtoa majini bado yuko hai, na anauma. Usitie vidole kinywani mwake kuokoa ndoana ya shilingi chache; kata mshipi. Mumi naye ana mwiba mgumu kwenye kila pezi la ubavuni. Mshike kwa kitambaa kizito, nyuma ya miiba hiyo.

Mbuta, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950, anaweza kupita kilo 100, ila ufuoni utakutana zaidi na wachanga. Asiyefika sentimita 50 mrudishe.

Chambo: minyoo kwa ngege, vipande vya samaki kwa hao wengine. Gugumaji likisukumwa na upepo hadi ulipo, hama tu.

Usiingie majini. Kuna kichocho, na karibu na mdomo wa Mto Nzoia kuna viboko na mamba. Kabla ya yote, pitia kwa viongozi wa BMU, kikundi kinachosimamia ufuo huo, uulize taratibu zao.