Printa, skana na amana ya nakala

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah, aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baad.



Somo la toleo hili linahusu kifaa ambacho karibu kila ofisi ya jumuiya ya wanafunzi inacho au inakitamani: mashine moja inayochapa, kuskani na kutoa kopi. Tutajifunza namna ya kuiunganisha na kompyuta inayotumia Linux. Tutaanza na fiqhi, kwa sababu wengi wetu tumelifanya jambo hili kuwa la mafundi peke yao, na ndani yake mna hukumu zinazotugusa.

Tatizo lilivyo

Anayeishi hosteli za Ggaba, Bunga au Kansanga anaijua safari ya kwenda kuchapa. Unabeba flashi hadi dukani, unaichomeka kwenye kompyuta iliyochomekwa flashi za watu wote wa mtaa, unalipa kwa ukurasa, unarudi na kazi yako na pengine na virusi. Faili lako limebaki kwenye kompyuta ya watu.

Jumuiya ikipata mashine yake yenyewe, tatizo la pili linaanza. CD iliyomo ndani ya boksi ni ya Windows, na laptop ya ofisi haina leseni ya Windows. Hapo hutokea kijana mwenye Windows iliyokrakiwa, kazi inakwenda, na hakuna anayeuliza. Tunachapa matangazo ya darsa kwa programu ambayo mwenyewe hakuturuhusu kuitumia.

Hukumu yake

Mwaka 1988 Akademia ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu ilikutana Kuwait katika kikao chake cha tano. Azimio lake namba 43 lilieleza kwamba haki za uandishi, za uvumbuzi na za jina la biashara ni haki za wenyewe, zina thamani ya kimali, zinalindwa kisheria, na haijuzu kuzivamia. Hapa Uganda, Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006 inazitaja programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa. Surat al-Maida inafunguka kwa amri ya kutimiza mikataba, na katika hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi tunafunzwa kuwa Waislamu hufungwa na masharti waliyoyakubali.

Wapo wanaojibu kwa kanuni ya dharura: leseni ni ghali, mwanafunzi hana kitu, na dharura huhalalisha kilichokatazwa. Kanuni ni sahihi, lakini tukumbuke sharti lake. Dharura hutajwa pale njia ya halali inapokosekana. Mwenye njaa aliye na mkate hali nyamafu. Ikiwa upo mfumo wa kompyuta unaotolewa bure kwa idhini ya wenyewe, na unaweza kuiendesha mashine hiyo hiyo, basi hoja ya dharura imeondoka. Kilichobaki ni kujifunza kuutumia.

Sisemi kwamba kila Mwislamu ahamie Linux. Aliyenunua laptop yenye Windows halali yuko sawa. Ninasema kwamba asiye na leseni asijifariji kwa dharura wakati mlango uko wazi.

Printa na asili ya programu huria

Historia ya programu huria inaanzia kwa printa. Karibu mwaka 1980, maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT, Marekani, ilipewa printa ya leza ya Xerox. Printa ya zamani karatasi ilipokwama, wanamaabara walikuwa wameirekebisha programu yake ili iwaarifu waliokuwa wakisubiri kazi. Ile mpya haikurekebishika, kwa kuwa msimbo wake haukutolewa. Richard Stallman alimwendea mtu wa chuo kingine aliyekuwa nao, akakataliwa kwa sababu yule alikuwa ameahidi kuuficha. Mwaka 1983 Stallman akatangaza mradi wa GNU: programu ambazo kila mtu ana ruhusa ya kuzitumia, kuzichunguza, kuzirekebisha na kuzigawa. Kiini cha Linux, alichokianza Linus Torvalds mwaka 1991, kiliingia chini ya leseni hiyo hiyo mwaka uliofuata.

Baadhi yetu huzifananisha programu hizi na waqf. Mfanano upo katika manufaa, kwani zimewekwa kwa ajili ya wote. Lakini hukumu hazilingani. Kwa wanazuoni wengi mali ya waqf hutoka katika miliki ya mtoaji, ilhali mwandishi wa programu huria anabaki na hakimiliki yake na anatoa idhini yenye masharti. Mojawapo ya masharti ya leseni ya GNU ni kwamba ukiigawa programu uliyoibadilisha, uwape wapokeaji msimbo wake pia. Huria haina maana ya kukosa masharti, na masharti haya nayo yanatufunga.

Mashine moja, njia mbili

Anayeanza ashike jambo moja: mashine ni moja lakini Linux huiendea kwa njia mbili. Kuchapa kunasimamiwa na CUPS, mfumo uliotoka mara ya kwanza mwaka 1999, ambao hata kompyuta za Apple huutumia. Kuskani kunasimamiwa na SANE. Ndiyo maana mashine inaweza kuchapa vizuri ikakataa kuskani. Haijaharibika. Njia moja imefunguka na nyingine bado.

Kabla ya kununua, tazama boksi. Ukiona neno AirPrint, mara nyingi mashine hiyo itakubaliana na Linux bila draiva. Mashine za namna hii huieleza kompyuta zenyewe uwezo wao: ukubwa wa karatasi, rangi, pande mbili au moja. Debian 11 na Ubuntu 22.04, na matoleo yaliyofuata, huwaelewa.

Hatua za kuchapa

1. Unganisha mashine kwa kebo ya USB, iwashe, subiri kama dakika moja. Fungua mipangilio ya kompyuta, sehemu ya printa. Mara nyingi utaikuta imeshajiongeza.

2. Kama haipo, fungua dirisha la amri uandike:

sudo apt install cups ipp-usb sane-airscan simple-scan

Kisha chomoa kebo na uichomeke tena. Amri ya lpstat -t itakuonyesha printa zilizosajiliwa, na lpinfo -v itakuonyesha zinazoonekana hata kama hazijasajiliwa.

3. Mashine za zamani huhitaji draiva. Kwa HP, weka kifurushi cha hplip kisha uendeshe hp-setup. Kwa Epson nyingi za wino, weka printer-driver-escpr. Kwa Brother, kampuni yenyewe hutoa vifurushi vya Linux kwenye tovuti yake, cha kuchapa mbali na cha kuskani mbali. Baadhi ya HP huomba kiongezo kisicho huria. Soma masharti yake kabla ya kukubali.

4. Ukitaka kutumia Wi-Fi, mashine na laptop ziwe kwenye mtandao mmoja. Mitandao mingi ya hosteli na vyuo huzuia vifaa visionane hata vikiwa pamoja. Ikiwa hivyo, rudi kwenye kebo, au unganisha vyote viwili kwenye hotspot ya simu.

5. Kwa usimamizi zaidi, andika localhost:631 kwenye kivinjari. Ukikataliwa, akaunti yako haimo katika kundi la lpadmin. Mwenye mamlaka juu ya kompyuta akuongeze.

Hatua za kuskani

Andika scanimage -L. Ikitaja mashine yako, fungua programu ya simple-scan na uanze kazi. Isipoitaja, jaribu tena kwa kutanguliza sudo. Ikionekana kwa sudo na isionekane bila sudo, tatizo ni ruhusa. Andika:

sudo usermod -aG scanner $USER

Toka kwenye akaunti, ingia tena, ujaribu.

Kwa ukurasa wa kawaida, nukta 300 kwa inchi zinatosha. Kwa kitabu chenye harakati ndogo, tumia 600. Chagua rangi ya kijivu, usichague nyeusi na nyeupe tupu, kwa sababu huko mashine huamua kila alama kuwa wino au karatasi, na nukta ndogo hupotea. Nukta moja ikipotea, khaa inakuwa haa, na neno limegeuka.

Kwa vitabu vya Kiarabu, ukichapa kurasa mbili katika upande mmoja wa karatasi, mpangilio wa kawaida utaanza kushoto. Uugeuze hivi:

lp -o number-up=2 -o number-up-layout=rltb kitabu.pdf

Nakala isiyolinganishwa

Hapa wanafunzi wa elimu ya dini tuna la kusema ambalo fundi hatalisema.

Mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel aligundua kwamba baadhi ya mashine za Xerox zilikuwa zikibadilisha tarakimu wakati wa kuskani. Katika ramani ya jengo, vyumba vitatu vya ukubwa tofauti vilitoka vikiwa na kipimo kimoja, 14.13. Chanzo kilikuwa njia ya kupunguza ukubwa wa faili: mashine ilipoona vipande viwili vinavyofanana, ilihifadhi kimoja na kukirudia mahali pa kingine. Nakala ilitoka safi, inasomeka vizuri, na si kweli. Kampuni ililikubali tatizo na kutoa marekebisho.

Wanazuoni wa hadithi walilijua tatizo hili kabla ya umeme. Imepokewa kwamba Urwa bin Zubair alimuuliza mwanawe Hisham kama ameandika, akasema ndiyo. Akamuuliza kama amelinganisha na asili, akasema hapana. Akamwambia basi hajaandika. Ibn al-Salah (aliyefariki mwaka 643 Hijria) ameieleza kazi hii ya kulinganisha, inayoitwa muqabala, katika kitabu chake cha elimu ya hadithi.

Nasi tuifanye. Hifadhi picha za asili katika PNG au TIFF mpaka ulinganishaji umalizike, ndipo utengeneze PDF ndogo ya kugawa. Mmoja asome asili, mwingine afuate nakala. Programu ya Tesseract, nayo huria, inaweza kugeuza picha kuwa maandishi ya Kiswahili au ya Kiarabu, lakini matokeo yake ni rasimu. Aya za Qur'ani usizichukue kutoka huko kabisa. Zichukue kwenye maandishi yaliyohakikiwa, kama ya mradi wa Tanzil, kisha uzitazame tena kwenye msahafu.

Siri za watu

Mashine ya jumuiya hupitiwa na pasipoti, barua za hospitali, fomu za ada na mikataba ya ndoa. Hizi ni amana, na Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. CUPS kwa kawaida huhifadhi faili lililochapwa kwa muda wa siku moja. Kulizuia hilo, fungua faili la /etc/cups/cupsd.conf kama msimamizi, uongeze mstari huu:

PreserveJobFiles No

Kisha uandike sudo systemctl restart cups. Kwa upande wa skana, aliyemaliza ahamishe faili lake na kulifuta kwenye kompyuta ya ofisi. Na asiondoke kabla ya kuinua kifuniko cha kioo. Karatasi ya asili husahaulika pale kuliko popote.

Maswali ya halaqa

1. Ni masharti gani yanayofanya dharura ikubalike, na ni lipi kati yake linakosekana katika suala la programu zilizokrakiwa?

2. Programu huria inakaribia zaidi waqf, hiba au idhini ya matumizi? Toeni dalili.

3. Aliyesambaza nakala yenye kosa bila kulinganisha, ana dhima gani kwa walioisoma?

4. Nani katika ofisi yenu anaweza kufungua kompyuta na kuona hati za wengine, na nani alimpa ruhusa hiyo?

Jumuiya yenye mashine iteue ndugu wawili, kaka na dada, wajifunze hatua hizi kwa mikono yao na kuwafundisha wengine kabla hawajahitimu. Elimu ya mashine ikibaki kwa mtu mmoja, siku atakapokwenda kwao tutarudi kule kule, kwa kijana mwenye Windows iliyokrakiwa.

Tunamuomba Allah atujaalie tuwe wenye kutimiza amana, katika kalamu na katika mashine. Wabillahi tawfiq.