Kidonge kinapataje kipimo chake?

Ndugu wafanyakazi, ninyi wa konsantratere munajua: mawe yakishuka mkandani mara mengi, mara machache, kinu hakisagi vizuri. Katika viwanda vyenye kutengeneza vidonge bila kusimama ni vilevile, ila pale kosa linaingia mwilini mwa mgonjwa. Dawa ikizidi ni sumu. Ikipungua, ugonjwa unaizoea.

Unga wa dawa unawekwa ndani ya tremi, na tremi inakaa juu ya mizani. Chini, visi inazunguka na kusukuma unga. Mizani inaangalia uzito wenye kupungua: ukipungua upesi mno, visi inapunguzwa mwendo, ukipungua polepole, inaongezewa.

Hatari iko hasa wakati wa kujaza tremi. Uzito unapanda, mizani haiwezi tena kujua kiasi gani kinatoka, basi visi inazunguka kwa kukisia tu. Tena unga mpya unakandamiza ule wa chini, na kila mzunguko unatoa dawa nyingi kuliko mbele. Kwa hiyo wanajaza kidogo kidogo, mara kwa mara.

Unga mwingine ni mkaidi kama chokaa yenye unyevu: unashikana, unafanya daraja ndani ya tremi, na chini hakutoki kitu.

Mwaka 2016 Marekani iliruhusu Prezista, dawa ya ukimwi, itengenezwe kwa njia hii huko Puerto Rico. Kidonge kile kina miligramu 600 za darunavir. Kipimo kikikosewa, vidonge vya dakika zile vinatengwa pembeni na kutupwa.