Bunduki ya Pompi: Mshikio Upi wa Mbele, na Lampi Ikae Wapi?

Ndugu mfanyakazi, wewe unayeshuka chini ya udongo, lampi yako unaivaa wapi? Juu ya kofia. Ukigeuza kichwa, mwangaza unageuka nawe. Unamwangazia mwenzako usoni, naye atakugombeza kidogo tu, kwa sababu mwangaza peke yake haumtoboi mtu. Sasa fikiri lampi ile ile imefungwa mbele ya bunduki yenye kartushi. Kila kitu unachotaka kukitazama, lazima kwanza ukielekezee mdomo wa bunduki. Fikiria jambo hilo kabla ya kununua mshikio wenye reli.

Wawindaji wengi wanajua bunduki ya kalibre 12 inayovunjwa katikati. Ya pompi ni nyingine. Mkono mmoja unashika mshikio wa mbele, ambao unatembea chini ya mtutu. Ukiuvuta nyuma, ganda la kartushi iliyopigwa linaruka nje. Ukiusukuma mbele, kartushi mpya iliyotoka katika bomba la chini inaingia chumbani. Remington 870 ya miaka ya 1950 na Mossberg 500 ya miaka ya 1960, zote za Marekani, hufanya kazi hivyo. Kwa kawaida mshikio wake wa kiwandani ni wa mti au wa plastiki, na watu wa huko huuza mingine ya kubadilisha, kwa picha za usiku na mwangaza mkali. Picha hizo zinafika hata katika simu za vijana wetu.

Reli tunazosema hapa si za vagoni! Ni kipande chenye meno ambapo lampi hukazwa. Kipimo chake huitwa Picatinny, jina la ghala la silaha la jeshi la Marekani katika New Jersey, nacho kiliandikwa kuwa kanuni ya jeshi mwaka 1995. Kila mfereji una upana wa milimeta 5,23, na toka katikati ya mmoja mpaka katikati ya mwingine ni milimeta 10,01. Kwa hiyo lampi ya fundi huyu inakaa katika reli ya fundi yule.

Tulinganishe basi. Mshikio wa aluminiamu wenye reli kila upande ni mgumu, lakini meno yake yanauma. Kumbuka kwamba bunduki ya pompi huvutwa kwa nguvu kila risasi; mkono hautulii pale kama katika bunduki nyingine. Vifuniko vya mpira vinasaidia, ila vinaunenepesha mshikio mpaka mwenye kiganja kidogo hawezi kuushika sawasawa. Uzito nao unaongezeka mbele, mahali ambapo mkono unachoka upesi.

Mshikio wa plastiki wenye matundu ni mwepesi. Unafunga kipande kifupi cha reli pale unapokihitaji tu, na sehemu nyingine inabaki laini. Kati ya hiyo miwili, mimi ningechukua huu. Lakini angalia visi! Kishindo cha risasi na mwendo wa kwenda na kurudi vinailegeza, kama vile mashini yoyote inayotikisika.

Wa tatu una lampi ndani yake, na kitufe kiko chini ya vidole. Hauna kitu cha kunasa nguo, lakini bei yake ni kubwa, na kitufe hubanwa hata usipotaka. Tena, mtu aliyeshtuka akibana mkono mmoja, mkono wa pili nao huelekea kubana. Mkono wa pili uko wapi? Karibu na kifyatulio. Kidole kikae nje mpaka umeamua kupiga.

Pima urefu pia. Hata bunduki za jina moja hazikubali zote mshikio mmoja. Ulio mrefu mno nyuma hugonga mwili wa bunduki au kibebeo cha kartushi cha ubavuni. Pompi haifiki mwisho, na ganda linakwama ndani. Ikiwa mtutu ni mfupi, tafuta mshikio wenye kizuizi mbele, mkono usiteleze ukapita mdomo wa bunduki.

Siku ya kuufunga, usidhani kwamba kutoa kartushi iliyo chumbani kunatosha. Nyingine zimebaki katika bomba, na ukivuta pompi mara moja tu, mojawapo inapanda. Toa zote, zipeleke chumba kingine, kisha tia kidole uguse chumba cha kartushi na mdomo wa bomba. Macho hudanganya, hasa jioni. Ukimaliza, vuta na sukuma mara kumi bila kartushi, bunduki ikielekea mahali pasipo na mtu.

Turudi kwenye lampi. Mama wa nyumbani anajua vizuri kuliko sisi: anayesukuma mlango saa tano ya usiku mara nyingi ni mtu wa nyumba, kijana anayetoka kazini au mtoto aliyekwenda choo cha nje. Baba akiamka na bunduki yenye lampi, anamtambua mwanawe wakati mdomo wa kalibre 12 umekwisha kumwelekea kifuani. Reli iwe nzuri namna gani, haibadilishi hilo.

Kwa hiyo, hata ukinunua mshikio wenye reli, nunua pamoja nao torchi ya mkono. Itundike msumarini karibu na mlango, mahali ambapo mama pia anafikia, na ujaribu mawe yake kila mwisho wa mwezi. Bunduki ikae tupu ndani ya sanduku lenye kufuli, kartushi katika sanduku jingine, na funguo mbali na mikono ya watoto. Usiku mkisikia kishindo, washa torchi, uite kwa jina, ungoje jibu.