Kasha Likihama, Kazi Huhama: Jinsi Uamuzi wa Serikali Unavyogusa Ajira

Mnamo Agosti 2019, waagizaji wa mizigo kupitia Bandari ya Mombasa waliarifiwa kwamba makasha yote yanayoelekea Nairobi na bara yangesafirishwa kwa reli ya SGR, kisha yakaguliwe na kulipiwa ushuru katika bandari kavu ya Embakasi. Agizo hilo halikumtaja dereva, utingo wala muuza chapati. Halikumwachisha mtu yeyote kazi. Hata hivyo, athari zake zilifika Changamwe, Miritini na Jomvu, ambako riziki ya familia nyingi inategemea lori.

Ili kuelewa ilivyokuwa hivyo, inafaa kulifuata kasha moja linalotoka bandarini kwa barabara. Wakala wa forodha hushughulikia stakabadhi zake. Yadi ya makasha hulihifadhi, na hapo kuna mlinzi, karani na mwendeshaji wa mashine ya kuinua mizigo. Mwenye lori hulipwa nauli, naye huwalipa dereva na utingo. Lori hujaza mafuta, hubadilisha tairi, hupelekwa kwa makanika. Dereva hula kwenye kibanda kando ya barabara, hulala Mariakani au Mtito Andei, na hununua maji na muda wa simu. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyeajiriwa na serikali. Lakini wote wanakula kutokana na uamuzi wa serikali kuhusu njia ambayo kasha litapita.

Kasha hilo likipakiwa kwenye garimoshi, mnyororo hukatika Mombasa na kuunganishwa upya Nairobi. Baadhi ya kazi hazipotei, zinahama tu. Tatizo ni kwamba kazi inaweza kuhama kwa siku moja, ilhali mtu mwenye nyumba ya kupanga Chaani na watoto watatu shuleni hawezi.

Serikali ya kitaifa nayo ilikuwa na sababu zake. Reli ya SGR kati ya Mombasa na Nairobi, yenye urefu wa kilomita 472 hivi, ilizinduliwa mwishoni mwa Mei 2017 baada ya kujengwa kwa mkopo mkubwa kutoka Benki ya Exim ya China. Deni hulipwa kwa fedha, na reli hupata fedha ikiwa na mizigo. Malori machache barabarani pia humaanisha ajali chache na lami inayodumu. Isitoshe, reli yenyewe iliajiri watu, tangu waliochimba tuta hadi wanaoendesha garimoshi leo. Sera haina budi kuumiza huku na kusaidia kule. Swali ni kama watakaoumia walisikizwa kabla ya agizo kutiwa sahihi.

Hapo ndipo kesi hii ina funzo kubwa zaidi. Wakazi na watetezi wa haki waliandamana Mombasa, Jumatatu baada ya Jumatatu, na kufikia Oktoba 2019 serikali ilitangaza kusitisha agizo hilo. Mizigo mingi iliendelea kwenda kwa reli. Suala hilo pia lilifika mahakamani, na Novemba 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa iliamua kwamba agizo hilo lilikiuka Katiba kwa sababu umma haukushirikishwa na Serikali ya Kaunti haikushauriwa. Kisha ukaja uchaguzi. Septemba 13, 2022, siku aliyoapishwa, Rais William Ruto alitangaza kuwa shughuli za kukagua na kuidhinisha mizigo zingerudi Mombasa.

Wengi walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini mkazi makini ataona jambo moja: tamko liliondoa na tamko likarudisha. Kile kinachorudishwa kwa tamko kinaweza kuondolewa tena kwa tamko jingine, utawala ukibadilika au deni likizidi. Na lori lililokwisha kuuzwa ili kulipia mkopo wa benki halirudi kwa hotuba, wala kijana aliyeacha udereva akaenda kutafuta kazi Qatar.

Ni muhimu pia kujua ni serikali gani inayoamua nini, kwa maana wakazi wengi hufika katika ofisi ya wadi na malalamiko ambayo wadi haina uwezo nayo. Jedwali la Nne la Katiba linaipa Serikali ya Kitaifa reli, barabara kuu na usimamizi wa safari za meli za kitaifa na kimataifa. Kaunti imepewa barabara za kaunti, maegesho, masoko, leseni za biashara na vyama vya ushirika. Kwa hivyo malalamiko kuhusu njia ya kasha hupelekwa Bungeni, na Kifungu cha 119 kinamruhusu mtu yeyote kuwasilisha ombi huko. Malalamiko kuhusu ada ya maegesho ya lori hupelekwa kwa Bunge la Kaunti.

Kaunti nayo haiwezi kujitoa katika somo hili. Ada ya leseni ikipandishwa, mwenye gereji ndogo anaweza kumpunguza kibarua mmoja. Mama wa kibanda akihamishwa bila kuonyeshwa mahali pengine, msichana anayemwoshea vyombo naye hukosa mshahara. Katiba yenyewe, katika Kifungu cha 209, inakataza kaunti kutoza kodi kwa namna inayozuia bidhaa, huduma, mtaji au wafanyakazi kupita kutoka kaunti moja hadi nyingine. Ada zote hizi huwekwa kupitia Mswada wa Fedha, ambao kwa kawaida huvutia watu wachache kwenye vikao vya maoni. Huo ni upungufu wa pande mbili. Tangazo linalobandikwa siku mbili kabla ya kikao si mwaliko wa kweli. Na mkazi aliyealikwa ipasavyo asifike, ameacha nafasi yake ijazwe na mwingine.

Tarehe zinajulikana mapema kila mwaka. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hufika Bunge la Kaunti kabla ya Septemba 1. Taarifa ya Mikakati ya Fedha, inayoweka viwango vya matumizi kwa kila idara, huwasilishwa kufikia Februari 28. Makadirio ya bajeti huwasilishwa kufikia Aprili 30, na Mswada wa Fedha hufuata baada ya bajeti kupitishwa. Anayetaka soko, karakana au eneo la kuegesha malori lijengwe afike wakati wa mpango wa Septemba. Akingoja Aprili, atakuta fedha zimekwisha kugawanywa.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamruhusu kila mtu kuwasilisha ombi kwa Bunge la Kaunti kuhusu jambo lolote lililo ndani ya mamlaka yake. Ombi liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, lieleze tatizo na hatua inayoombwa, kisha lipelekwe kwa karani wa bunge. Atakayeandika kwamba kituo fulani cha malori kina madereva wangapi, vibanda vingapi na mafundi wangapi atakuwa amewasaidia wawakilishi wadi kuliko atakayeandika tu kwamba hali ni ngumu.