Usisimame Katikati ya Aya: Somo Kutoka Hotuba ya Martin Luther King



Muhula uliopita nilipewa dakika tano za kuwakaribisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika jumuiya yetu. Nikamalizia kwa yale maneno ya Martin Luther King kuhusu ndoto yake, maneno ambayo kila mtu anayajua. Takbira zikapigwa. Nilipokaa, ndugu mmoja anayesoma sheria akaninong'oneza: "Akhi, na kabla ya ndoto alisema nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemnukuu mtu mbele ya ukumbi mzima, na sikuwahi kumsikiliza hata dakika tatu mfululizo. Usiku ule, baada ya Isha, niliisikiliza hotuba yote. Ni kama dakika 17 tu.

Alichosema kabla ya ndoto

Ilikuwa tarehe 28 Agosti 1963, mjini Washington, mbele ya jengo la kumbukumbu ya Rais Abraham Lincoln. Watu wapatao 250,000 walikusanyika. Maandamano yale yaliitwa ya Kazi na Uhuru, na neno kazi lilitangulia. Hilo peke yake sikulijua.

King anaanza kwa hesabu. Miaka 100 imepita tangu Lincoln atie saini tangazo la kuwaacha huru watumwa mwaka 1863, na bado mtu mweusi hajawa huru. Kisha anatoa mfano wa benki. Waasisi wa Marekani, katika Tangazo la Uhuru na Katiba, waliandika ahadi ya malipo kwa kila raia. Watu weusi walipoipeleka hundi yao, ilirudishwa kwa madai kwamba akaunti haina fedha za kutosha. King anakataa kuamini kwamba benki ya haki imefilisika, na anasema wamekuja kudai chao.

Baada ya hapo anawajibu wanaosema "ngojeni kidogo". Anawaambia wakati ni sasa. Halafu anawageukia watu wake mwenyewe: katika kudai haki wasifanye dhulma, wala wasimchukie kila mtu mweupe, kwani weupe wengine wamesimama nao pale pale. Anataja pia mambo ambayo yakiendelea hawataridhika: ukatili wa polisi, wasafiri kunyimwa vyumba hotelini, mtu mweusi wa Mississippi kutoruhusiwa kupiga kura.

Ndoto inakuja wakati zaidi ya nusu ya hotuba imeshapita. Tena sehemu hiyo haikuwemo katika maandishi aliyoyaandaa. Inasimuliwa kwamba mwimbaji Mahalia Jackson, aliyekuwa karibu naye, alimpazia sauti awaeleze watu habari za ndoto.

Adabu ya kusimama

Madrasa, maalim wetu alitufundisha hukumu za waqfu kwa mfano wa Surat An-Nisaa, aya ya 43. Msomaji akisimama kwenye katazo la kuikaribia sala, atakuwa amewaambia watu wasiswali. Maneno yanayofuata ndiyo yanayobainisha kwamba katazo linamhusu aliyelewa, mpaka ajue anachokisema. Simfananishi mwanadamu na maneno ya Allah (S.W.T), nazungumzia adabu tu. Kama tunafundishwa tangu utotoni kwamba kusimama pasipo mahali pake kunageuza maana, kwa nini tunaiacha adabu hiyo tukitoka msikitini?

Tazama hotuba hii ilivyogeuzwa. Aliyeikata amebakisha ndoto na kuiacha hundi. Ndoto peke yake haimdai mtu kitu, hata mwenye deni anaweza kuipigia makofi akarudi nyumbani bila kulipa. Lakini King alipouawa mjini Memphis tarehe 4 Aprili 1968, alikuwa amekwenda kuunga mkono mgomo wa wafanyakazi wa usafi waliokuwa wakidai haki zao. Mdai yule hakuwa ameacha kudai.

Hundi hiyo ilinikumbusha Hilful Fudhul. Mfanyabiashara kutoka Zabid, Yemen, aliuza bidhaa Makka, na Al-As bin Wail akakataa kumlipa. Akapanda mlima Abu Qubais akapaza sauti kudai haki yake. Baadhi ya koo za Kuraishi zikakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, zikaapa kusimama na aliyedhulumiwa. Mtume (S.A.W) alihudhuria mkutano ule kabla ya utume, na baada ya utume alisema kwamba lau angeitwa kwenye mkataba kama ule katika Uislamu, angeitika. Kwa hiyo dai la haki halikataliwi kwa kuwa mdai si wa dini yetu.

Na ndugu yetu Malcolm X?

Wapo wanaosema: "King wa nini, sisi tuna El-Hajj Malik El-Shabazz." Ni kweli kwamba Malcolm alikuwepo Washington siku ile, na aliyakosoa maandamano kwa maneno makali. Lakini naye tunamkata. Tunasambaza video za hasira zake na kuiacha barua yake ya mwaka 1964 kutoka Makka, alipoeleza jinsi Hija ilivyombadilisha mawazo kuhusu rangi za watu. Tukidai asikilizwe mpaka mwisho, tumtendee hivyo hivyo na King. Surat Al-Maaidah, aya ya 8, inatuonya kwamba kuwachukia watu kusitufanye tuache uadilifu.

Kwetu sisi

Kila wiki makundi yetu ya WhatsApp yanapokea vipande vya sekunde 40 vya mashekhe, na mtu anaitwa mzushi kabla khutba yake haijasikilizwa. Nami nimewahi kusambaza kipande cha namna hiyo. Kesho yake niliisikia khutba nzima, nikakuta shekhe alikuwa anaeleza hoja ya wengine ili aijibu. Nilimpigia simu nikamwomba radhi, na alinisamehe. Lakini kipande kilikuwa kimeshafika nisikoweza kukifuata.

Katika darsa ya wiki hii napendekeza tufanye hivi:

1. Tuisikilize hotuba ya King yote, simu zikiwa zimezimwa.
2. Kila mmoja aandike jambo moja ambalo hakulijua, na jambo moja asilokubaliana nalo.
3. Kila mmoja ataje kipande kimoja alichokisambaza bila kusikia kilichotangulia na kilichofuata, kisha akitafute kizima.

Allah (S.W.T) katika Surat Az-Zumar, aya ya 18, anawasifu wanaosikiliza maneno kisha wakafuata yaliyo bora zaidi. Kusikiliza kumetangulia. Tunamwomba Allah atujaalie tuwe miongoni mwao, na atusamehe tulipozungumza bila ya kujua. Amin.

Wallahu a'lam.