Somo: Senario na Kisa cha Matumizi si Kitu Kimoja



Katika somo la kompyuta, sisi wa mwaka wa sita tulipewa kazi ya kuandika mahitaji ya programu ya kulipa feza ya masomo. Tuliandika hivi: Amani anamupa mutunza feza franka zote, programu inaandika, Amani anapokea risiti, anaingia darasani. Tukazani tumemaliza. Mwalimu akauliza: «Na ule anayeleta nusu?» Tukanyamaza kabisa, maana kati yetu kuna waliorudishwa nyumbani na ile nusu mukononi.

Kosa letu lilikuwa wapi? Tuliandika senario moja tu. Senario ni safari moja, tangu mwanzo mpaka mwisho: mutu huyu, siku hii, mambo yalipita hivi. Kisa cha matumizi ni kikubwa zaidi: kinakusanya senario zote zenye shabaha moja, zile zinazofaulu na zile zinazoshindwa. Wazo hili lililetwa na Ivar Jacobson, mutu wa Uswedi aliyefanya kazi Ericsson. Alilieleza mbele ya wataalamu mwaka 1987, kisha katika kitabu cha mwaka 1992.

Namna ya kukiandika ni hii:

1. Taja mutumiaji na shabaha yake. Kwetu: mwanafunzi anataka kulipa na kupata risiti.

2. Andika njia kubwa: anasema jina, programu inaonyesha deni, anatoa feza, programu inaandika, risiti inatoka.

3. Kwa kila hatua, uliza: hapa nini inaweza kugeuka? Majina mawili yanafanana: programu iulize namba. Feza ni nusu: iandike sehemu, ionyeshe baki, itoe risiti. Umeme unakatika: mutunza feza aandike kwa daftari, aingize kesho yake.

Lakini kuomba kuongezewa siku za kulipa ni shabaha ingine. Basi ni kisa kingine.

Tena musizarau senario. Programu ikiisha kutengenezwa, ni kwa senario moja moja ndipo tunaipima kama inafanya kazi sawasawa.

Kwa hiyo, ndugu, munapoandika mahitaji, musitosheke na Amani mwenye franka zote. Mutafute pia ule wa nusu. Programu haina huruma. Inajua tu yale tuliyoyaandika.

Kapita wa mwaka wa sita, kwa niaba ya wenzake